Mbweha wa Nyuma ya Jengo

Baba Irene,

Wali umo kwenye friji, upashe moto. Irene akirudi kutoka shule asiende kiwanja cha nyuma ~~kamwe~~ bila wewe.

Nimewaona! Asubuhi nikitupa taka, yule mbweha mnayemlaani katoka kwenye bomba bovu na watoto watatu, masikio makubwa kuliko vichwa! Mara jirani yetu Hakim akaja na nyama ya sumu.

"Wamemla paka wangu, Mama Irene. Khalas, yaishe!"

Nikamzuia njia. "Pole kwa paka, lakini watoto wetu wanacheza hapa. Sumu haichagui."

Majirani wakatoka, wengine upande wake, wengine wangu, kelele tupu! Mwisho Hakim akainama, akachungulia bombani. Wale wadogo wakamkodolea macho. Akafunga mfuko wake wa nyama, akaondoka nao.

Mlinzi wa jengo kawapigia watu wa wanyamapori. Jioni watawachukua wakiwa hai, wakawaachie jangwani nje ya mji.

Jana ulipomuunga mkono Hakim kwamba wauawe niliumia, mume wangu. Shuka na Irene ukawaone kabla hawajaondoka, kisha unitazame usoni uniambie tena wauawe.

Nimechelewa kazini, madam wangu atafoka. Sijali!

Mkeo,
Mama Irene