Mama, Mti Ule Tuliupima Sawa

Mama yangu mpendwa,

Vita vilipotukimbiza kutoka Bule, kila mtu alibeba chakula na blanketi. Wewe ulibeba raporteri, ile nusu duara kubwa ya mbao uliyokuwa ukipimia pembe ubaoni shuleni. Shangazi alikugombeza njia nzima mpaka Bunia: "Unaacha sufuria, unabeba kipande cha mubao!" Uliihamishia bega la pili, ukaendelea kutembea.

Tulipata nafasi katika uwanja wa kanisa, mtaa wa Ngezi mjini Bunia, pamoja na wakimbizi wengine waliojenga vibanda vya turubai. Shule zilikuwa zimefungwa. Wiki ya pili ukakusanya wanafunzi wa sekondari, wasichana na wavulana, ukaanza kufundisha trigonometria, na chaki hukuwa nayo. Nilikuona kama mtu asiyesikia milio ya bunduki.

Kisha bomu likapasua shina la mkaratusi uliosimama pembeni mwa uwanja. Papa Ezekieli, seremala wa kambi, alitaka kuuangusha upande wa barabara kwa kuuvuta na kamba. Alisema tuhamishe safu moja tu ya vibanda, kwa tahadhari.

"Papa, na kama kamba ikikatika?" uliuliza.

"Mama Mwalimu, siye tulianza kukata miti zamani. Huu haiwezi kupita metre kumi na tano."

"Weye unakisia, Papa. Acha watoto wapime."

Uliazima utepe wa fundi cherehani, tukapima metre ishirini kutoka kwenye shina. Zaidi ya hapo palikuwa na ukuta. Ulifunga uzi wenye jiwe katikati ya raporteri, ukaigeuza juu chini, ukanikabidhi. Nililenga kilele kwa kufuata ukingo wake ulionyooka. Jiwe likayumba.

"Ngoja itulie. Pima mara tatu."

Uzi ulisimama kwenye arobaini, mara zote tatu. "Toa kwenye tisini," ulisema. "Inabaki makumi tano. Sasa nani iko na tanjanti ya makumi tano?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Vitabu vilibaki Bule. Ukacheka, ukatuambia tuitafute mavumbini: tukachora pembetatu mraba ardhini, kitako chake metre moja badala ya ishirini, pembe ya makumi tano upande mmoja. Tulipopima upande uliosimama tulipata metre moja na santimeta kumi na tisa. Tukazidisha mara ishirini, tukaongeza kimo cha jicho langu. Metre ishirini na tano na kidogo.

Ulimwaga majivu mahali kilele kingefika kama mti ungeangukia vibanda. Mstari ulipita nyuma ya safu ya tatu, ambako mwanamke mmoja alikuwa amejifungua juzi yake. Watu walinung'unika. Baba mmoja alikuuliza kama unataka kuwafukuza mara ya pili. Uliinama, ukaanza kung'oa vigingi vya kibanda chetu wenyewe. Ndipo wengine wakafuata.

Asubuhi ya kuuangusha mti, kamba ilikatika kweli. Mti ukaja upande wetu. Vumbi liliposhuka, matawi yalikuwa yamefunika mahali pa safu zote tatu, na hakuna aliyepata hata mkwaruzo. Papa Ezekieli alikuja mbele yako kofia mkononi. "Mama, unifundishe na miye," alisema. Kesho yake alikaa mstari wa mbele, magoti yakimgusa kidevu.

Mama, homa ilikuchukua kabla hatujarudi kwetu. Kwa miaka mingi nilikasirika kwamba uliokoa watu wote wale, nasi hatukuweza kukupatia dawa. Hasira hiyo bado ipo. Siifichi tena.

Sasa mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Bunia. Vita vimerudi kwetu Djugu, na darasa langu limejaa watoto waliokimbia. Mkuu wa shule hapendi niwatoe nje; anasema mtihani unafanywa kwenye karatasi. Ninawatoa. Wiki iliyopita walipima kimo cha paa la shule, na msichana kutoka Nizi, ambaye tangu afike hakuwa amesema neno, alinyoosha mkono: "Madame, hesabu yao si ya kweli. Walisahau kimo cha macho."

Alikuwa sahihi.

Kaka ananiita niende kwake Kisangani kila anapopiga simu. Ananiambia nitafia bure huku. Jana nilimjibu mara ya mwisho: sitakwenda. Jumatatu tunaanza sinus, ndugu ya tanjanti, na msichana yule amesema atakuja mapema.

Lala salama, Mama.

Mimi binti yako, mwalimu