Mtutu wa Marehemu Baba

Wewe, uko hewani? Nimeaibika leo, sijui uso wangu niuweke wapi.

Nimetoka kwa fundi wa bunduki sasa hivi. Nilimpelekea ile ya kuwindia ya marehemu baba, nimuulize nibadilishe mtutu au ninunue nyingine, maana siku hizi risasi inaenda inakotaka yenyewe. Nilikuwa na baba mdogo.

Fundi kamulika tochi ndani ya mtutu. "Unaisafisha mara ngapi?"

Nikajibu kwa maringo kabisa: kila Jumapili, tangu tumzike baba. Miaka tisa!

"Na ufito wa kusafishia unauingizia huku mbele?"

Nikasema ndiyo.

Akacheka. ALICHEKA! "Hapa risasi haina kosa. Umeusaga mdomo wa mtutu kwa ufito wako. Umeshaua mnyama gani nayo?"

Nikasema bado.

"Basi umeua bunduki tu."

Umeua bunduki tu! Mbele ya baba mdogo!

Nikajikaza: sasa nibadilishe mtutu au ninunue nyingine?

"Wewe nunua ufagio. Huo sugua utakavyo."

Nikamgeukia baba mdogo anitetee. Yeye anamwambia fundi, "Weka mtutu mpya. Ikiwa tayari, nipigie mimi."