Filta ya Samaki wa Stela

Jumanne.

Songea nzima, kama kuna mtu anayewajua samaki kuliko mimi, basi bado hajazaliwa. Ndiyo maana mpwa wangu Stela, alipokwenda Mbesa kumuuguza mama mkwe wake, aliniachia mimi tangi lake la kioo na samaki wake wa rangi.

Leo filta yao, ile mashine ya kuchuja maji ya tangi, ilianza kukoroma, maji yanatoka kwa matone. Mpya ilikuwapo kabatini. Nilishaandaa sabuni na ndoo ya maji ya bomba, nioshe kila kitu king'ae, ndipo Stela, niliyekuwa nimemtumia ujumbe kuhusu filta, akapiga simu.

"Shikamoo mjomba. Usiniambie umeshaitoa ya zamani!"

"Marahaba. Mimi nimevua Nyasa kabla hujazaliwa, wewe."

"Hao uliwavua ukawala, mjomba. Hawa nataka niwakute hai."

Akanieleza. Ule utelezi wa kahawia kwenye sponji ya ndani ya filta ndio unaosafisha maji. Ukiuosha wote, samaki wanakufa kwa uchafu wao wenyewe. Niweke mpya kando ya ile ya zamani, zifanye kazi pamoja mpaka mpya nayo ishike utelezi.

Nimekaa nikiwaza. Kumbe ningewaua kwa usafi.

Sasa filta zote mbili zinaunguruma na samaki wanaogelea. Kesho kijiweni nitasema ni utaalamu wangu.

Mamba niliyempiga ngumi mtoni Ruvuma, wanamjua wote. Lakini leo kisamaki kimoja kiliponigusa kidole nilipiga yowe, na filta nimeifunga nikiwa nimevaa mfuko wa nailoni mkononi.