Baba, Ulitufundisha Kusimama Tu

Baba mpendwa,

Leo nimeaibishwa na mwanafunzi, na lawama ni zako.

Nilikuwa ukumbini hapa Tawa na kundi langu la drama, nikiwaeleza kwamba mwigizaji huanzia mabegani: ayaachie, ayashushe, asiyabebe kama magunia. Msichana mmoja wa kidato cha pili, mdogo kuliko mkoba wake, akainua mkono. "Mwalimu, sasa mbona yako yako juu?"

Darasa zima likanigeukia. Nikayagusa. Yalikuwa karibu na masikio, Baba. Miaka kumi na mitatu nafundisha kazi hii, na wewe huu ni mwaka wa nne umelala kaburini Nuu, bado unanishika mabega kutoka huko. Kwa hiyo nimeketi nikuandikie. Nimechoka kukulalamikia kimoyomoyo.

Uliporudi kutoka jeshini nilikuwa ndio naanza darasa la kwanza. Ulikuja na sanduku la bati, koti kubwa la kijani, cheo cha sajini na sauti ya kusimamisha mbuzi njiani. Kuanzia wiki hiyo, kila asubuhi kabla ya uji, mimi na Kimanzi mdogo wangu tulikuwa kwenye mstari mbele ya nyumba. "Mguu sawa! Kifua mbele! Kidevu juu!" Kimanzi alikuwa na miaka minne. Siku moja alijikojolea akiwa amesimama sawa, akatazama chini, nawe ukamwambia askari hatazami chini. Mama akatoka jikoni kusema uji unapoa. Ukamjibu uji unaweza kusubiri. Sisi hatukuwa na vita vyovyote, Baba. Tulikuwa na mbuzi kumi na mmoja na shule ya kwenda.

Nakiri, nilijivuna kidogo. Watu wa Nuu walikuwa wakisema, "Watoto wa Sajini wanatembea kama watu." Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja nitalipia sifa hiyo.

Nilipopata nafasi chuoni Kitui kwenye kozi ya sanaa za maonyesho, ulidhani naenda kujifunza kutoa hotuba. Nikakuacha udhani hivyo. Siku ya kwanza mwalimu wetu, Bi. Ndinda, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alituvua viatu akatuambia tutembee ukumbini vile tunavyotembea nyumbani. Tukatembea. Baada ya kitambo akapiga makofi, akasema wote wasimame isipokuwa mimi. Nikaendelea peke yangu juu ya ile simenti, pa, pa, pa, na nilipofika kona nikageuka kwa kisigino. Walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

"Mwende," Bi. Ndinda aliniuliza, "ni nani anakuamrisha?"

"Hakuna mtu, mwalimu."

"Yuko. Namsikia mpaka huku."

Halafu kulikuwa na kulala. Wiki nzima nzima tulilala chali, yeye akipita katikati yetu akisema, "Iachie sakafu uzito wako. Haitakuibia." Wenzangu walilala kama nguo zilizoloweshwa. Mimi nililala kama ubao. Alipitisha kiganja chini ya kiuno changu akasema, "Hapa paka anapita." Kwenye ripoti ya muhula aliandika: "Anajitahidi mno." Katika kozi ile, hilo lilikuwa tusi. Akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba ikifika mwisho wa mwaka mwili wangu haujaanza kusema kitu, watanihamishia ushonaji. Ushonaji, Baba! Mimi ambaye kifungo tu nilikuwa nashonewa na Mama.

Likizo ikafika, nikaja nyumbani na hofu hiyo. Mchana nilijificha nyuma ya ghala, nikatandika ngozi kuukuu, nikafanya vile tulivyofundishwa: kuachia miguu ianguke, kubingirika polepole, kutoa pumzi kwa sauti. Wewe ulikuwa unatoka zizini. Ukaona binti yako anagaagaa chini akikoroma, ukadhani ni kifafa.

"Mama Mwende! Maji! Lete maji!"

Hukungoja maji. Ulikimbia mwenyewe jikoni, ukanyakua beseni la vyombo, ukarudi mbio ukanimwagia lote usoni, pamoja na makombo ya muthokoi wa jana, mahindi na maharagwe.

"Baba! Nafanya kazi ya shule!"

"Shule gani?"

"Tunafundishwa kulala."

Ukasimama na beseni tupu mkononi. "Mwende. Nimekupeleka Kitui ukajifunze kulala? Hata mbuzi anajua kulala, na hajasoma."

Nilikuwa natoa punje ya mahindi sikioni na sikuwa na hamu ya kujibizana. Lakini kuna kitu nilikuwa nimekiona. Ulikuwa umekimbia. Maisha yangu yote nilikuwa sijakuona ukikimbia. Ulikuwa unatembea kwa hatua za gwaride au umesimama. Na ulipokimbia, nyonga yako moja ilianguka, mguu ukaburuzika nyuma, na mkono wako ukashika paja na kulivuta kama mtu anavyovuta ndama mbishi. Ulipofika mbele yangu ulikuwa tayari umenyooka tena, kana kwamba aliyekimbia ni mtu mwingine.

Bi. Ndinda alikuwa ametupa kazi ya likizo: tumchague mtu mmoja, tumchunguze bila kumwambia, turudi na mwili wake. Mimi nilikuwa nimemchagua mama anayeuza chai Mwingi pale malori yanaposimama. Siku hiyo nikamwacha mama wa chai, nikakuchukua wewe.

Wiki tatu nilikutazama. Asubuhi, kabla hujatoka, nilikuona kupitia ufa wa ukuta wa jikoni. Ulikuwa unasimama nyuma ya mlango, kiganja ukutani, paji la uso juu ya kiganja, ukipumua. Kisha kifua kinakuja, kidevu kinakuja, mlango unafunguliwa, na Sajini anatoka. Kanisani ulikuwa wa mwisho kuketi baada ya wimbo, na watu walisema ni heshima kwa Mungu. Kwenye soko la mbuzi wanaume wote walichuchumaa wakipatana bei, wewe ukabaki wima peke yako, wakasema unaringa.

Nilikasirika, Baba. Nilipaswa kukuonea huruma, najua, ila hasira ilifika kwanza. Ule ugumu wote ulikuwa mkongojo wa mguu wako mbovu, nawe ukatugawia sisi ambao miguu yetu ilikuwa mizima.

Mwisho wa mwaka wa masomo, mwezi wa Aprili, wazazi walialikwa chuoni kuja kuona kazi zetu. Nilikuandikia kwamba barabara imeharibika, usijisumbue. Lakini chuo nacho kilikuwa kimetuma kadi, na Kimanzi, msaliti, akakusomea. Ulipanda lori la mbuzi kutoka Nuu mpaka Mwingi, ukapanda jingine mpaka Kitui, ukaingia ukumbini na lile koti la kijani katika joto lile, medali tatu kifuani, ukaketi mstari wa mbele. Nilikuona kutoka nyuma ya pazia.

"Siwezi," nikamwambia Bi. Ndinda. "Mwenyewe amekuja."

Alichungulia, akakuona. Akarekebisha kola yangu. "Basi leo utajua kama ulimwona kweli."

Nikatoka. Jukwaani kulikuwa na fremu ya mlango tu, bila nyumba. Nilianza upande wa nje: mwanamume anatoka, kifua mbele, anasalimia watu, anakagua kuku. Watu walicheka sana. Kisha nikarudi ndani, upande ambao wao pia waliuona, nikaweka kiganja hewani kama kwenye ukuta na paji la uso juu ya kiganja. Nyonga ikaanguka. Nikaburuta mguu mpaka pale ambapo kitanda kingekuwa. Kicheko kikapungua, kikaisha, nikasikia mtu akijikuna. Na ndipo mabega yangu yaliposhuka, mara ya kwanza tangu darasa la kwanza, maana yule mtu nyuma ya mlango hakuwa na nguvu ya kuyashikilia. Bi. Ndinda aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo nilipofaulu. Sikufurahi. Nilikuwa naona viatu vyako mstari wa mbele, vimeng'arishwa, havisogei.

Nilikukuta nje karibu na tangi la maji.

"Ulikuwa unanichungulia," ulisema.

"Nilikuwa nasoma, Baba."

"Mtoto hamchungulii babake."

"Najua."

Wazazi wengine walikuwa wanapita, wanakupa mkono, wanakuambia una binti hodari. Ukawapa mkono wote, umenyooka kama mlingoti. Walipokwisha kupita nilianza kulia, nikitafuta neno la kuomba msamaha. Ukanikatiza.

"Na mguu si ule."

"Nini?"

"Ni wa kushoto. Umeburuta wa kulia. Kama umeamua kunivua nguo mbele za watu, nivue sawasawa."

Nikatazama miguu yangu mwenyewe. Na ulikuwa na haki, hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimekutazama uso kwa uso nikakuiga kama kioo, kosa ambalo Bi. Ndinda alikuwa ametuonya mara kumi. Ukageuka kwa kisigino, ukaenda kutafuta lori. Hukuniaga.

Miezi minane hukunisemesha. Nilipokuja likizo nilipata "kula" na "funga zizi", basi. Mama alibeba maneno yako kwangu na yangu kwako, mpaka akachoka akasema nyinyi wawili mtanimaliza miguu. Nilitamani unigombeze. Nilitamani hata beseni lingine la maji. Heri gwaride, Baba, kuliko kile kimya chako.

Halafu Desemba hiyo, alasiri, Mama ameketi kivulini mwa nyumba anapepeta ndengu, ukatoka mlangoni ukaniita. "Mwende. Simama pale." Nikafikiri, Mungu wangu, nina miaka ishirini na mmoja na bado ni gwaride.

"Tazama," ukasema. "Sirudii."

Ukavua koti, ukalitundika kwenye msumari. Na ukatembea. Kutoka mlangoni mpaka zizini, mchana mweupe, bila Sajini. Nyonga ya kushoto ilishuka kila hatua, bega la kulia likapanda kuisaidia, kichwa kikayumba kidogo kama cha mtu anayekataa kitu. Mkono ulishika paja. Kimo chako kilikuwa cha Kimanzi tu. Ulifika zizini, ukashika nguzo, ukageuka kwa shida, ukarudi. Ulipofika kwangu jasho lilikuwa linadondoka kidevuni.

"Umeona?"

"Nimeona, Baba."

Nilimgeukia Mama, nikitarajia kumwona ameduwaa. Alikuwa anapuliza makapi.

"Ni mimi humkanda kila jioni tangu arudi," alisema. "Alinikataza kuwaambia."

"Kumbe ulijua?"

"Mwiitu wakwa, binti yangu, mimi ni mke wake. Nilikuja hapa kama mgeni?"

Nikakuuliza, "Uliumia wapi, Baba?"

Ulikuwa tayari unafunga vifungo vya koti. "Hiyo haimo kwenye somo lako."

Unaona sasa? Ni hapo ndipo unaponimaliza. Unafungua mlango wote, kisha unaufunga ukimbana mtu kidole. Nilirudi chuoni nikafanya onyesho lile upya, kwa mguu wa kushoto, na bega la kulia, na kile kichwa kinachokataa. Ulikataa kuja. Ukamtuma Kimanzi. Aliketi mbele kabisa, hakutazama uso wangu hata mara moja, alitazama miguu tu kama fundi viatu. Aliporudi Nuu ukamuuliza, "Mguu gani?" Akasema wa kushoto. Ukasema, "Vizuri." Ndiyo ripoti niliyopata kwako kwa miaka yote niliyosoma. Neno moja, tena la kuletewa.

Na la kuniudhi zaidi nimelijua juzi, nilipokwenda kumwona Mama. Aliniambia masika yako ya mwisho ulikuwa unalala umekaa kwenye kiti, kwa sababu kulala kuliuma na kuinuka kuliuma zaidi. Miezi mitatu kitini, na mimi nilikuwa hapa Tawa nikiwafundisha watoto wa watu jinsi ya kulala chini na kuinuka bila maumivu. Ndiyo kazi yangu, Baba! Najua pa kuweka mto. Najua nyonga inataka nini igeuke. Mikono hii miwili inajua, na hukuiita. Mama anasema alitaka kunipigia simu kutoka Mwingi, ukamwambia mwalimu asisumbuliwe.

Ningekuja. Ningepanda lori lolote, hata la mbuzi.

Nimekukasirikia hivi tangu juzi, na naona nitaendelea kidogo. Ikiisha nitakuja Nuu, nikae na Mama, nimkande magoti, maana naye ameanza kuyaficha na mimi nimeshamwona.

Wewe lala, Baba. Lala kwa ubavu wowote unaokufaa, jikunje ukitaka. Hakuna anayekagua.

Binti yako aliyekuchungulia,
Mwende