Simu ya Zamu Bado Iko Kwangu

Magesa,

Simu ya zamu bado iko kwangu. Kile kitochi chetu, kilichofungwa raba ili betri isichomoke. Kila Jumatatu asubuhi tulikabidhiana kwenye ngazi za ofisi, na wewe ulikuwa unakipokea kwa mikono miwili: "Haya, leta mgonjwa wetu." Tangu tukuzike Jumatatu tisa zimepita, na sina wa kumkabidhi.

Mfumo wetu wa kompyuta wa kuhesabia dawa za zahanati unaendelea kusumbua. Zahanati zinapiga: Bunda haufunguki, Musoma umefuta kazi ya jana, Butiama ripoti inatoka tupu. Narekebisha. Nikiziba hapa, panafumuka pale. Simu isipolia naitoa mfukoni kuangalia kama imezima. Nikioga naiweka kwenye dirisha la bafu.

Kuna jambo hulijui. Wenzetu walipokuwa wanatupia udongo kwenye kaburi lako, mimi nilikuwa nyuma ya zizi, namwelekeza kwa simu mhudumu wa Bunda abonyeze wapi. Niliporudi walikuwa wanaweka mashada. Sikutupa hata kiganja kimoja.

Wiki iliyopita nilirekebisha kosa moja, nikazalisha lingine. Skrini ikaonyesha zahanati ya Guta ina dawa ya malaria ya watoto, kumbe kabati tupu. Muuguzi alifungua kabati kwanza kabla ya kuiamini skrini. Ndiyo maana hakuna aliyeumia. Akanipigia. "Kaka, wewe unalalaga kweli?" Nikakosea nywila mara tatu. Nikakuona tena siku ile ulivyoangukia kibodi, nikamkumbuka daktari akitaja presha. Niliogopa, Magesa. Bado naogopa.

Jumapili nikaenda kwenu Butiama. Mama yako akaiona simu.

"Si ile ya mwanangu? Sasa wewe nani anakupokeaga?"

Akaichukua mkononi mwangu, akanionyesha mkeka. Nililala tangu mchana hadi ng'ombe wanarudi. Simu ililia mara nne. Alinisimulia mwenyewe alivyowajibu: "Amelala. Andikeni kwenye daftari. Au na kalamu nazo zimegoma?" Wakaandika. Wagonjwa wakapata dawa zao.

Kabla ya kuondoka nilipita kaburini. Udongo umeshakauka, ilibidi niuchimbue kwa ufunguo. Nikatupa kiganja changu.

Leo nimemwandikia bosi: zahanati zote zirudishe daftari pembeni ya kompyuta, na mpaka apatikane mtu wa pili wa kupokezana naye, simu itazimwa kila Jumapili. Hajajibu. Anaweza kunifukuza, nalijua hilo. Barua hii nimeiacha mara mbili kwenda kuangalia kama kajibu.

Lala, ndugu yangu. Zamu yako imeisha. Ajibu asijibu, Jumapili nitakuwa Butiama na simu imezimwa. Mama amesema ataikagua mwenyewe mlangoni.