Soda ya Diwani

Kaka Anouar,

Salamu nyingi toka Buyenzi. Sisi wazima, alhamdulillahi. Houda ameota meno mawili, na mvua imeharibu mupunga wetu wa Buterere.

Ulishasikia kwamba diwani alimpiga mama kofi kwenye bomba la maji. Basi serikali ikatuma mkaguzi wa mwenendo wa madiwani, na mtaa wote ukakusanyika. Diwani hakukana. Alileta soda moja baridi, akampa mama. Unajua desturi yetu: ukikunywa cha aliyekukosea, maneno yameisha.

Mama akasema, "Apana, mi sinywi."

Diwani akanigeukia mimi, akaniuliza kwa upole kama garaji ya mume wangu ina ruhusa ya kukaa barabarani.

Kaka, mi ndiye niliyemshika mama kidevu. Soda ilimwagikia kitenge chake, lakini kidogo ikaingia mdomoni. Mkaguzi akaandika kwamba wamepatana, watu wakashangilia.

Garaji ipo. Mama naye yupo, usihangaike kuja. Ila kila asubuhi nikimpelekea chai, ananirudishia kikombe: "Kunywa we kwanza."

Dada yako,
Hayat