Nguo ya Arusi Kwenye Njia ya Juu

Uvira, mtaa wa Mulongwe

Kwa Yaya wangu, dada yangu mkubwa mpenzi Anjelina, huko Kasongo,

Amani iingie nyumbani mwako kabla ya karatasi hii. Mmeamkaje wote? Goti la Mama linaendeleaje? Bado anakwenda shamba la mihogo akisema haliumi, halafu usiku analikanda kwa majani ya moto? Na watoto wako, surua imewaacha? Sisi huku tuko wazima, mimi na bwana yangu Patrisi, ingawa juma lililopita homa ilimlaza kabisa. Utasikia, maana bila homa ile nisingekuwa na la kusimulia.

Kwanza nijibu swali lako. Uliniuliza kama umtume kaka aje kunichukua, kwa sababu barua yangu ya mwisho ilikuwa na machozi. Usimtume, Yaya. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Majirani wanaongea Kifuliiru, na mimi nilikuwa nacheka wanapocheka ili nisionekane mjinga. Toka asubuhi mpaka jioni ilikuwa mimi na cherehani tu. Lakini sasa napanda kinga. Ndiyo, umesoma vizuri: kinga, baisikeli ya Patrisi, ile ya wanaume yenye chuma katikati! Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma.

Ilianza wakati wa kiangazi. Patrisi alitoka kazini, huko anakochonga madawati ya masomo, akanikuta nimekaa gizani wala taa sijawasha. Akaniangalia, akasema, "Weye unakauka mu nyumba kama samaki ya ndagala. Kesho, kisha misa, tunatoka."

Hapa kuna njia mbili za kwenda kaskazini. Ya chini inapita katikati ya bonde la Ruzizi, na humo zinapita motokari za pamba, vumbi na honi, kuku wanakufa kila siku. Ya juu ni ya zamani, inafuata miguu ya milima. Tangu ile ya chini ilipotengenezwa, hakuna motokari tena huko juu. Madaraja yake ni magogo tu. Wanapita watu wa miguu, ng'ombe wenye pembe ndefu, na wenye kinga.

Patrisi alinipakia nyuma, tukatoka. Yaya, sikujua kama nchi hii ni nzuri! Njia inapanda kilima, inateremka, inapanda tena, kama mtu anayepumua usingizini. Kushoto milima, kulia bonde lote liko wazi na mto unang'aa, na ukigeuka nyuma unaona Ziwa. Husikii kitu ila upepo na mnyororo wa kinga. Kwenye mteremko wa pili nilipiga kelele kama mtoto. Tulipofika chini nikamwambia, "Sasa miye."

"Weye nini?"

"Miye nipande mbele."

Nilishona suruali pana ya kuvaa chini ya kikwembe, na kila Jumapili akanifundisha. Nilianguka sana. Siku moja niliingia mzima mzima katika mtama wa watu, na mwenye shamba, mama wa Kirundi, akasimama juu yangu na jembe begani. "Mama," akasema, "mutama haiyaiva bado, na weye unavuna na kinga?" Tulicheka wote watatu mpaka akatupatia ndizi.

Lakini huku mtaani hawakucheka wote. Jirani yetu Mama Sezaria, muuza samaki, aliniona narudi na tope magotini, akasema mbele ya watu, "Mwanamuke kupanda chuma? Utaharibika tumbo. Na heshima ya bwana yako iko wapi?" Patrisi akamjibu kwa upole, "Heshima yangu iko mu moyo, Mama. Haiko pa kiti ya kinga." Basi, tangu siku ile Mama Sezaria akawa ananisalimu kwa kidevu tu.

Sasa sikiliza. Huko Runingu, kijiji cha wakulima bondeni, kuna msichana anaitwa Yozefina. Mchumba wake anafanya kazi Usumbura, ng'ambo ya Ziwa, akamletea kitambaa cheupe cha arusi, na Yozefina akanichagua mimi nimshonee. Nilishona nguo ile kama ningeivaa mimi mwenyewe. Mikono niliipiga marinda, shingo niliizungushia maua madogo ya uzi. Tulipatana na dereva mmoja wa pamba aipeleke Ijumaa, ndoa iwe Jumamosi. Padri anafika Runingu kwa nadra, na baada ya misa alikuwa anaendelea na safari milimani. Na mchumba naye alipewa ruhusa fupi tu ya kazi.

Alhamisi mvua ikaanza kupiga milimani. Ijumaa mto ukabeba daraja la njia ya chini, na dereva akanirudishia furushi langu. Patrisi angeipeleka yeye kwa njia ya juu, lakini alikuwa kitandani anatetemeka chini ya mablanketi yetu yote. Jumamosi alfajiri mvua ilikatika. Nikamwambia, "Nitakwenda."

Akafungua macho. "Peke yako?"

"Peke yangu. Lakini nani atakaa na weye?"

Kabla hajajibu, mlango ukasukumwa. Ni Mama Sezaria, na chungu cha uji mkononi. Kuta za huku ni nyembamba, alikuwa amesikia yote. Hakunisalimu. Alikaa kando ya kitanda, akalowesha kitambaa, akakiweka juu ya paji la Patrisi. Halafu akavua ile nguo ya mpira anayojifunika sokoni wakati wa mvua, akanitupia. "Funga na hii. Ile nyeupe isilowe. Na weye, nenda! Bibi arusi hawezi kungoja mutu anasimama tu kama nguzo."

Nilifunga furushi nyuma, nikaenda.

Yaya, njia ile ninayoipenda, siku hiyo ilinikataa. Kila kupanda nilisukuma kwa miguu, tope likishika magurudumu. Kila kuteremka niliomba rozari. Kwenye kijito kimoja magogo yalikuwa yamekwenda na maji, nikasimama pale nikilia kwa hasira. Mchungaji mmoja wa ng'ombe akaniona kutoka ng'ambo. Akavuka, akaweka kinga begani kama fimbo. Mimi nikajitwisha furushi kichwani, nikamfuata, maji kiunoni.

"Bibi arusi ni weye?" akaniuliza.

"Hapana, baba. Bibi arusi niko namubeba pa kichwa."

Alicheka mpaka nikaogopa ataangusha kinga.

Mteremko wa mwisho unaingia moja kwa moja Runingu, na hapo freni ikakatika. Niliwaona watu wamejaa mbele ya nyumba ya Yozefina, wamevaa vizuri, nami naja kama jiwe. "Mutoke! Mutoke mu njia! Freni imekufa!" Wazee wakaruka, mbuzi wakaruka, nami nikaingia ndani ya lundo la maganda ya maharagi nikakaa humo, kinga juu yangu. Yozefina akatoka mbio, macho yamevimba kwa kulia. Alinipita! Alikumbatia furushi kwanza. Kisha akakumbuka kwamba mimi pia ni mtu, akanikumbatia na maganda yangu yote.

Nguo haikuwa na tone la maji. Ilimkaa, Yaya, ilimkaa kama maji yanavyokaa ndani ya glasi. Wanawake wakapiga vigelegele. Tulipotaka kuondoka, Yozefina akaangalia njia ya kanisa, tope tupu, akanigeukia: "Unipeleke na kinga."

Baba yake, mkulima mrefu asiye na maneno mengi, ambaye mke wake alikufa zamani, akauliza, "Binti yangu aende kanisani juu ya chuma?" Aliangalia tope. Aliangalia nguo. Akatengeneza yeye mwenyewe freni yangu kwa kipande cha waya, akaijaribu mara nyingi, akamwinua binti yake na kumkalisha upande nyuma yangu. Akaniambia polepole, "Mama, pole pole. Niko na huyu mumoja tu."

Basi nikaendesha. Yozefina alinishika kiuno, marinda yake ameyakunja mapajani. Wasichana walikimbia pande zote mbili wakiimba, wakitusukuma kwenye kupanda. Njia yote ilikuwa yetu. Bwana arusi alikuwa mlangoni pa kanisa, uso wake umeishiwa damu, akidhani hakuna arusi tena. Alipotuona alijifunika mdomo kwa mikono miwili, akalia mbele ya Padri bila haya.

Walinilaza, wakanilisha maharagi na ndizi mpaka nikaomba huruma. Jumapili nikarudi. Jua lilikuwa limetoka, tope limeanza kushika, milima imeoga. Wanawake walikuwa wanatoka misa kwa makundi, na khabari ilikuwa imepita mbele yangu, maana kutoka kilima hata kilima waliniita, hata wale nisiowajua: "Mama Kinga! Mama Kinga, amahoro!" yaani amani. Yaya, toka nifike nchi hii hakuna mtu aliyekuwa ameniita kwa jina njiani. Nilijibu wote. Juu ya kilima cha mwisho niliona Ziwa lote, nikainua miguu kutoka kwenye pedali, nikaiacha kinga iende.

Nisalimie Mama sana, umwambie sikuumia. Nisalimie shangazi aliyenifundisha sindano, na shemeji bwana yako, na kaka Aloisi aliyekuwa tayari kunifuata: mwambie aje, lakini aje kutembea. Wabusu watoto. Patrisi amepona, anawasalimu, na anadai kinga yake arudishiwe.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda kuvuka milima yote hii,

Margarita, Mama Kinga